Ngawa Aliyeshika Mwenge wa Gayogayo

Jamani, mpo?

Tupo!

Mmekaa?

Tumekaa!

Masikio yenu yako wapi?

Kwako, bibi!

Basi yasogezeni, maana leo sina sauti ya kupigia kelele. Na wewe Mwanaharusi, mtoe huyo paka mapajani. Humu ndani ametajwa, asije akasikia akanuna.

Hapo zamani, zamani sana, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani na kuazimana chumvi, palikuwa na kijiji ufuoni. Katika kijiji hicho aliishi mtu mmoja jina lake Faki, na mkewe Mize. Faki alikuwa mvuvi wa miguu. Chombo hakuwa nacho, wavu hakuwa nao. Alikuwa na mkuki wake mwembamba, na alikuwa na Mize.

Kazi yao ilikuwa kuvua gayogayo usiku. Gayogayo mnamjua? Yule samaki bapa kama chapati iliyokaliwa, macho yote mawili yako upande mmoja, mdomo umepinda kama wa mtu aliyesusa. Mchana humwoni. Anajifukia mchangani, anabakisha macho tu. Lakini usiku wa giza, maji yakipwa, anasogea mpaka kwenye maji ya magotini, analala. Hapo ndipo anapofuatwa kwa mwenge.

Sasa, kuvua gayogayo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mkuki, mwingine anashika mwenge wa makuti makavu. Na msidhani mwenye mkuki ndiye mwenye kazi. Mwenye mwenge ndiye. Aushushe chini, karibu na goti la mwenzake, auweke ubavuni ili kivuli kisimwangukie samaki. Akiuinua sana, hakionekani kitu ila maji kung'aa. Akikimbia nao mbele, samaki anaamka, anakwenda zake.

Na miguu haiinuliwi. Inaburutwa mchangani, taratibu. Kwa nini? Kwa sababu gayogayo hakulala pale peke yake. Yupo na nyenga, naye ni bapa, naye amejifukia, ila yeye mkiani ana mwiba wenye sumu. Ukimgusa kwa ncha ya kidole, anaondoka kwa amani. Ukimkanyaga mgongoni, utamkumbuka mpaka uzeeni.

Ndiyo maana Faki na Mize walikuwa na wimbo wao wa kazi. Nikiuimba, mniitikie.

Buruta, buruta, mguu usiinue.

Buruta, buruta!

Aliye chini kalala, mwache asijue.

Buruta, buruta!

Vizuri. Usiku baada ya usiku walikwenda hivyo, Faki na mkuki, Mize na mwenge, wakiimba chini kwa chini, na kila waliporudi walikuwa na kitoweo. Walipendana wale watu. Nalisema wazi kwa sababu lilikuwa wazi. Faki akikohoa, Mize anageuka. Mize akinyamaza sana, Faki anauliza kuna nini.

Basi Mize akachukua mimba, akajifungua mtoto wa kike. Faki alifurahi hata akawasalimia mbuzi njiani, mmoja mmoja. Lakini furaha haikukaa. Maziwa ya Mize hayakushuka. Mtoto ananyonya, hapati. Ananyonya tena, hapati. Jirani mmoja mwenye mtoto alikuwa akimnyonyesha kidogo, lakini wake mwenyewe alikuwa bado hashibi, atampa nini wa mwenzake? Mtoto akaanza kulia kile kilio cha chinichini, cha mtoto aliyechoka kulia.

Mkunga akaja, akamtazama Mize, akatoka nje na Faki.

"Faki mwanangu, mkeo amekauka," akasema. "Mtafutie supu. Na si supu ya samaki yeyote, maana samaki mwenye shombo atamtapika. Mtafutie gayogayo. Anywe, atoke jasho, alale. Ukichelewa, mtoto huyu sijui."

Mkunga hakumaliza maneno. Faki naye hakumwomba ayamalize.

Sasa tazameni shida yake. Mize ni mzazi wa arobaini, majini haingii. Majirani kila mwenye mkuki ana mwenye mwenge wake, na lile lilikuwa bamvua la giza, siku chache tu ambazo maji yanakupwa sana na mwezi haupo. Bamvua likipita, maji yanakuwa mafu, hayapwi sana, gayogayo anarudi kilindini. Faki akajaribu peke yake, mwenge mkono wa kushoto, mkuki mkono wa kulia. Akaunguza nyusi zake, akachoma jiwe, mkuki ukapinda. Akarudi nyumbani akiunyoosha.

Kulipokucha akaenda kutafuta msaada. Akamwendea Kanga.

"Kanga, utanishikia mwenge usiku?"

"Jua likizama mimi sioni hata mdomo wangu," Kanga akasema. "Utanitafuta mimi au samaki?"

Akamwendea Paka.

"Paka, utanishikia mwenge usiku?"

"Samaki nawapenda sana," Paka akasema. "Ila hayo maji mtafutie mtu mwingine."

Mwaona sasa kwa nini nilisema atolewe mapajani.

Akamwendea Ngawa. Ngawa alikuwa bwana mmoja maridadi, manyoya ya mabaka, mkia wa miviringo, na siku zile alikuwa akitembea kwa kurukaruka, anainua miguu juu kama anayekanyaga makaa. Mchana kutwa analala, usiku kucha yuko njiani.

"Kaka Faki," akasema Ngawa, "nasikia unatafuta mtu wa mwenge."

"Natafuta."

"Na fungu langu?"

"Utapata kama anavyopata kila mwenye mwenge."

"Basi umefika. Usiku ni wangu mimi."

Faki alitaka kumweleza habari za nyumbani, akaona haya. Maziwa ya mkewe angeanzaje kuyazungumza mbele ya Ngawa? Akanyamaza. Na mimi nasema hapo Faki alikosea, kwa sababu kama huelezi shida yako, mtu atakufikiria anavyotaka. Ngawa alifikiri huyu ni mvuvi tu, anavua, anakula, ananenepa.

Usiku wa kwanza wakaingia majini. Faki akamfundisha wimbo, Ngawa akaushika upesi, sauti anayo.

Buruta, buruta, mguu usiinue.

Buruta, buruta!

Faki akamwona gayogayo, akamchoma. Akamwona wa pili, akamchoma. Akawapitisha ukambaa, kamba ya ukindu, mashavuni, akaufunga mtungo kiunoni kwa Ngawa, ili yeye awe mwepesi. Walipogeuka kurudi, Ngawa akaushusha mwenge kidogo, akaushusha tena, mwenge ukaingia majini. Shaa. Giza.

"Upepo huo, kaka Faki," Ngawa akasema.

Upepo haukuwapo. Wakatembea gizani, na gizani Faki akasikia kitu kikitafunwa. Walipofika pwani, ukambaa ulikuwa mtupu.

"Samaki wako wapi?"

"Wameponyoka. Gayogayo anateleza."

"Samaki aliyechomwa mkuki anaponyoka?"

"Wa huku ni wakorofi," Ngawa akasema, akapangusa mdomo.

Faki akarudi nyumbani. Mize alikuwa ameinjika chungu cha maji, moto anauchochea kwa mkono mmoja, mtoto yuko mkono wa pili.

"Umepata?"

"Sikupata."

"Basi umerudi," Mize akasema. "Kaa ukaukiwe na maji."

Usiku wa pili wakaingia tena. Wakaimba tena. Faki akachoma gayogayo mmoja mpana kama sinia, akamfunga kiunoni kwa Ngawa. Walipogeuka, mwenge ukazama tena. Shaa. Giza. Na gizani kitu kikatafunwa tena.

"Samaki yuko wapi?"

"Kaa wamemla, kaka Faki. Kaa wengi. Mpaka nikawaonea huruma."

Kwenye sharubu zake palining'inia gamba la samaki. Faki akaliona. Moyo ukamwaka, akaukaza mkono kwenye mkuki. Lakini akimfukuza Ngawa, mwenge atashika nani? Akameza hasira yake, akaenda nyumbani.

"Umepata?"

"Sikupata."

Usiku ule Mize alikuwa akimsikiliza mtoto, kwa sababu kilio kilikuwa kimepungua, na kilipungua vibaya. Faki akakaa karibu yake, wakasikiliza pamoja. Nawaeleza hili ili mjue alipokwenda majini siku ya tatu, alikwenda na nini moyoni.

Usiku wa tatu Faki akamwambia Ngawa, "Leo mtungo nafunga kiunoni mwangu."

"Kwani huniamini?"

"Nakuhurumia tu, usichoke."

Wakaingia. Wakaimba. Bahati ikawa yao, gayogayo mmoja, gayogayo wa pili, wote wanene. Faki akageuka kurudi, na moyoni alishaanza kusikia supu ikitokota. Ngawa akatembea nyuma yake. Akaona mtungo unacheza kiunoni kwa Faki, kushoto, kulia. Akavumilia. Akaona tena. Akashindwa. Akaukata ukambaa kwa meno, akautwaa mtungo, akatimua mbio.

Na alikimbiaje? Si kwa kuburuta. Alikimbia kwa ile miguu yake ya kurukaruka, juu, chini, juu, chini, maji yanaruka pande zote, mwenge mkononi, samaki mdomoni.

Hakufika mbali. Akakanyaga nyenga, mgongoni kabisa.

Ngawa akapiga ukelele ambao waliokuwa wakitwanga mtama kijiji cha pili waliusikia. Mdomo ukafunguka, mtungo ukaanguka majini. Mwenge ukaruka, ukatua juu ya jiwe, ukaendelea kuwaka kidogo, ule mwako wa mwisho.

Kwa mwanga huo Faki akaona mambo mawili. Upande huu, samaki wake wawili wanaelea, mkondo umeshaanza kuwavuta kwenda kilindini. Upande ule, Ngawa amekaa majini, mguu umekufa, hawezi kusimama. Na maji yalikuwa yamegeuka. Yalikuwa yanajaa, yamemfika kifuani, na maji ya bamvua yakijaa hayana subira.

Ngawa hakumwita. Alijua hana uso wa kumwitia mtu.

Faki akasimama. Akawatazama samaki, akamwona mtoto wake. Akamtazama Ngawa, akamwona mwizi wake. Miguu ikataka kwenda kwa samaki, nami siwezi kuilaumu. Kisha maji yakamfika Ngawa shingoni, naye akainua kidevu, kidogo tu, kama afanyavyo mtoto anapooshwa uso.

Faki akamwendea Ngawa.

Alikwenda kwa kuburuta miguu, hata wakati ule, kwa sababu nyenga yule hakuwa peke yake. Mwenge ukazimika. Akapapasa gizani, akamshika, akamtia mabegani, mkuki kwapani, mikono yote miwili imekamata miguu ya Ngawa. Samaki wakaenda. Faki alitembea mpaka pwani akilia, na kwa kuwa kulikuwa na giza hakuona haja ya kujificha.

Alipofika nyumbani, chungu kilikuwa kinatokota.

"Umepata?"

"Nimempata huyu."

Mize akautazama mguu wa Ngawa, umevimba na kuwa mweusi. Akakitazama chungu. Mwiba wa nyenga dawa yake ni kukandwa kwa maji ya moto, kila mtu wa pwani anajua. Na maji ya moto yaliyokuwapo ni yale ya supu.

"Mimina kwenye beseni," Mize akasema. "Yapoze kidogo, usimbabue. Mtie mguu."

Faki akamimina. Ngawa akatia mguu, akauma mkeka, na polepole maumivu yakaanza kumwachia. Sasa akapata nafasi ya kusikia. Akasikia kisauti chembamba nyuma ya pazia, kinakatika, kinaanza tena.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mwanetu," Mize akasema.

"Ana nini?"

"Ana njaa. Maziwa hayajashuka. Tuliambiwa supu ya gayogayo."

Ngawa akakitazama chungu kitupu. Akautazama mguu wake ndani ya maji ya supu. Akamtazama Faki.

"Hukuniambia," akasema.

"Sikukwambia," Faki akajibu.

Ngawa akageuza uso ukutani, na hakugeuka mpaka asubuhi. Alilia? Alilia. Mnyama akilia mnadhani ni ajabu?

Kesho yake ndiyo ilikuwa mwisho wa bamvua. Jua lilipozama, Faki akachukua mkuki akasimama mlangoni, hajui aende na nani. Ngawa akanyanyuka mkekani kwa taabu.

"Kaka Faki, nipe mwenge."

Faki akamtazama mguu.

"Una haki ya kutoniamini," Ngawa akasema. "Ungenitazama tu hali yangu. Leo hata nikitaka kukimbia, nitakimbia kwa mguu gani?"

Mize akasema kutoka ndani, "Mpe, mume wangu."

Akampa. Wakaingia majini.

Sasa sikilizeni. Mguu wa Ngawa ulikuwa hauinuki tena. Anauvuta mchangani, na ule mzima unaungoja mwenzake. Kwa maumivu alikuwa amejikunja, kwa hiyo mwenge ukakaa chini, pale pale penye goti la Faki. Hakwenda mbele kwa sababu hawezi. Hakuuzamisha kwa sababu hataki. Wakaimba.

Buruta, buruta, mguu usiinue.

Buruta, buruta!

Aliye chini kalala, mwache asijue.

Buruta, buruta!

Walitafuta sana. Maji yakaanza kurudi, makuti yakaanza kwisha, moto ukamkaribia Ngawa vidoleni. Hakuutupa. Akanong'ona, "Kaka Faki, hapo, mbele ya mguu wako wa kulia." Mchangani palikuwa na vijicho viwili, pamoja, vinang'aa. Faki akashusha mkuki.

Alikuwa gayogayo mmoja tu. Wakamleta nyumbani.

Sasa desturi ya kule ni kwamba gayogayo hupasuliwa katikati. Upande wa juu, ule mweusi wenye macho, ni wa mkuki. Upande wa chini, ule mweupe, ni wa mwenge. Hakuna anayebishana, hata baba na mwana hugawana hivyo. Faki akapasua, akautia upande wake chunguni. Upande mweupe akauweka mbele ya Ngawa.

"Chukua fungu lako. Umelifanyia kazi."

Ngawa akalinusa. Msidhani alikuwa amegeuka malaika, mate yalimtoka, na tangu jana hakuwa amekula kitu. Akalinyanyua, akalinusa tena. Kisha akajikokota mpaka jikoni, akalitia chunguni lote.

Faki akachochea moto.

Mize akanywa bakuli la kwanza. Akanywa la pili. Akatoka jasho, akalala, na mtoto kifuani. Faki hakulala, Ngawa hakulala. Walikaa mlangoni kama watu wanaongoja hukumu, huyu huku, yule kule.

Kabla ya kucha, Mize akaamka, nguo imelowa kifuani. Akamgeuza mtoto, akamtia ziwa mdomoni. Kwanza kimya. Kisha ikasikika ile sauti, mnaijua nyote mliokuwa na wadogo, ya mtoto mwenye njaa anayemeza, anameza, anapaliwa, anameza tena.

"Polepole, mama," Mize akamwambia. "Yote ni yako."

Faki akajifunika uso kwa mikono yake yenye shombo. Ngawa akainamisha kichwa, hakutaka kutazama, akaona hapamhusu. Akaanza kujivuta aondoke.

Basi Mize akasema, bila kumwondolea mtoto macho:

"Mume wangu, mtilie na huyo wa mlangoni bakuli. Usiku kucha amekula harufu."

Na tangu hapo, ngawa akishuka pwani usiku, harukiruki tena. Anakwenda taratibu, anasimama, anasikiliza, anakwenda.

Haya, wanangu. Nimewafundisha nini? Ukimshikia mwenzio mwanga, umulike anapotazama yeye, si unapotamani wewe, kwa sababu hujui nyumbani kwake kuna nani anayengoja. Na aliyekukosea ukimkuta majini, mtoe kwanza. Maneno mtasema mkifika nchi kavu.

Hadithi yangu ilikwenda pwani, imevua, imerudi, nami miguu imelowa. Aliyeipenda aende nayo kwao akawagawie. Asiyeipenda aniachie hapa mkekani, nitalala nayo mwenyewe.